Maswali ya Wasomaji: Mtu-Samaki, Jambazi Mfupi na Sinema za Warusi

Katika toleo lililopita nilieleza jinsi tulivyoonyesha filamu za zama za Umoja wa Kisovieti darini kwa jirani yangu hapa Langoni, Lamu, siku tano mfululizo, kwa kutundika shuka jeupe ukutani na kumsihi punda wa kichochoroni asiingilie mazungumzo ya waigizaji, jambo ambalo hakulikubali hata usiku mmoja. Barua zilizofika baada ya hapo zimezidi nafasi niliyopewa, kwa hiyo nimezifupisha na kuyaacha majina ya walioandika.

Mwalimu, salaam aleikum. Mimi ni mzamiaji wa kamba hapa hapa Lamu. Usiku wa pili nilichelewa, nikamkuta kijana mwenye nguo za magamba akiogelea chini bila mtungi wa hewa. Filamu ile inaitwaje, na je, walizama kweli au ni ujanja wa kamera? Tena, Warusi wana bahari gani ya namna ile? — Mzamiaji, Langoni

Waaleikum salaam. Uliyoiona ni *Chelovek-amfibiya*, yaani Mtu wa Majini na Nchi Kavu, iliyotengenezwa na studio ya Lenfilm katika mji uliokuwa ukiitwa Leningrad, na kuongozwa na Vladimir Chebotaryov pamoja na Gennadi Kazansky. Ilitoka mwaka 1962, na mwaka huo hakuna filamu ya Kisovieti iliyoishinda kwa tiketi, kwani ziliuzwa takriban milioni 65. Kisa kimetoka katika riwaya ya Alexander Belyaev ya mwaka 1928: daktari amempandikiza mwanawe matamvua ya papa mchanga, yale ambayo sokoni tunayaita mashavu, ili apumue majini kama anavyopumua nchi kavu. Kijana anampenda Gutiere, msichana wa mjini, na Zurita, mfanyabiashara wa lulu, anapoijua siri yake anamtia mnyororo na kumzamisha amletee lulu kutoka chini.

Walizama kweli. Picha za chini ya maji zilipigwa katika Bahari Nyeusi, kwenye pwani ya Crimea, na mitaa ile ya mji wa kigeni ni ya Baku, kando ya Bahari ya Kaspi. Wewe unayezama kwa riziki utalitambua jambo ambalo sisi tuliokaa juu ya mikeka hatukulitambua upesi: mtu anayeigiza ana matamvua hawezi kuonekana na mtungi mgongoni wala bomba mdomoni, kwa hiyo kila kipande cha chini ya maji hakina budi kuishia pale pumzi ya mwigizaji inapoishia. Itazame tena ukiwa umeziba pumzi pamoja naye.

Ukitaka nyingine ya bahari, itafute *Piraty XX veka*, Maharamia wa Karne ya 20, ya Boris Durov, iliyotoka 1980. Meli ya mizigo ya Kisovieti imebeba kasumba ya kutengenezea dawa, maharamia wanaiteka, na mabaharia wanaidai meli yao kwa ngumi na karate. Watazamaji wake walizidi milioni 80, idadi ambayo filamu nyingine za Kisovieti haziifikii kwa urahisi. Kwa maoni yangu si filamu nzuri sana, na nasema hivi nikijua kwamba nitaandikiwa barua za hasira na vijana wa Shela walioipigia makofi. Ninaitaja kwa sababu wengi wetu tunadhani kwamba Warusi wa wakati ule walikaa ukumbini wakitazama matrekta.

Mwalimu, mimi hutembeza wageni wa Kiitaliano. Mzee mmoja aliniambia kwamba sinema za Kisovieti ni propaganda tupu, na kabla hatujamaliza kahawa akaniambia kwamba *Potemkin* ni miongoni mwa filamu bora za dunia. Nishike lipi? — Mtembeza wageni, Malindi

Shika yote mawili, ndugu yangu, kwa sababu mgeni wako hakujipinga. Tarehe 27 Agosti 1919 Lenin alitia saini amri ya kuitaifisha biashara ya sinema, na mwaka huo huo ikafunguliwa Moscow shule ya serikali ya sinema, ile ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la VGIK. Kwa lugha ya mabaharia wetu, tangu siku hiyo chombo kilikuwa na tajiri mmoja: ndiye aliyetoa fedha, ndiye aliyemchagua nahodha, na ndiye aliyeamua chombo kitie nanga bandari gani au kisitoke kabisa. Ukilishika hilo, mambo mengi ya sinema ile yanakuwa wazi, mazuri na mabaya, na katika majibu yangu mengine nitalirudia bila kuomba radhi.

Tajiri huyo alitaka kuwafikia watu wengi wasiojua kusoma, na vijana aliowakabidhi kazi walitaka kujua sinema yenyewe inafanyaje kazi. Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso usioonyesha furaha wala huzuni, akauunganisha na sahani ya supu, kisha na jeneza, na watazamaji wakausifu uigizaji wake, kwamba hapa ana njaa na pale amefiwa. Jambo hili nimelijaribu mwenyewe kwa simu. Nilimpiga picha mzee mmoja aliyekaa barazani akisubiri mashua ya Mokowe, uso umetulia kabisa. Nikaiunganisha kwanza na sinia la biriani, kisha na jeneza tupu lililoegemezwa kwenye ukuta wa msikiti. Watoto wa jirani walipoiona ya kwanza walicheka wakasema babu ana njaa. Ya pili ilipokwisha walinyamaza, na mmoja akauliza ni nani aliyemfia. Mzee mwenyewe nilipomwonyesha alisema kwamba alikuwa akiwaza nauli.

Kutokana na ugunduzi huo ndipo Sergei Eisenstein, akiwa na miaka 27, alipotengeneza *Bronenosets Potyomkin*, Manowari Potemkin, mwaka 1925, kwa agizo la kuadhimisha miaka 20 ya mapinduzi ya 1905. Mabaharia wa manowari wanapewa nyama yenye funza, wanagoma, wanaasi. Kila mtu atakusimulia habari za ngazi za Odessa, askari wakishuka kwa mwendo mmoja na kigari cha mtoto kikiporomoka peke yake, na ni haki yake kusimulia. Lakini mimi ningekuomba utazame simba. Baada ya manowari kufyatua mizinga yanaonekana masanamu matatu ya simba, mmoja amelala, wa pili ameinua kichwa, wa tatu ameinuka. Ni masanamu matatu tofauti, yaliyochongwa kwa marumaru na kuwekwa kwenye kasri la Alupka huko Crimea, na hakuna hata moja lililosogea tangu lilipochongwa. Yakiunganishwa haraka haraka, jiwe linaamka kwa hasira mbele ya macho yako.

Hiyo ni propaganda, naam. Watu waliuawa kweli mjini Odessa mwaka 1905, ila mauaji ya kwenye ngazi kwa namna yanavyoonekana katika filamu ni utunzi wa Eisenstein, na utunzi huo umewaingia watu hata wakaufanya historia. Bendera ya manowari, kwa kuwa filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe, ilipakwa rangi nyekundu kwa mkono juu ya filamu yenyewe. Uingereza iliizuia isionyeshwe hadharani hadi 1954, na serikali haikizuii kitu kinachosinzisha.

Tajiri naye hakuwa na rafiki wa kudumu. Miaka ya 1940 Eisenstein huyo huyo alitengeneza *Ivan Groznyi* katika sehemu mbili: ya kwanza ikapewa Tuzo ya Stalin, ya pili ikamchukiza Stalin mwenyewe, ikafungiwa, na ilipokuja kuonyeshwa mwaka 1958 mwongozaji alikuwa ameshalala kaburini miaka 10.

Mwambie mgeni wako pia atafute *Chapaev* ya 1934. Hii ndiyo filamu ambayo tajiri aliipenda na watu wakaipenda vilevile, jambo ambalo halikutokea mara nyingi. Chapaev ni kamanda wa Jeshi Jekundu, mkali, mcheshi, asiyesoma vizuri, na mwishoni anapigwa risasi akiogelea kuvuka Mto Ural na kuzama. Sisi tuliokulia kwenye kanuni ya kwamba stelingi hafi tunawaelewa watoto wa Kirusi waliorudi kuitazama mara kwa mara wakitumaini kwamba safari hii atavuka. Mwaka 1941, Ujerumani ilipovamia, ikatengenezwa filamu fupi ambamo mwigizaji yule yule, Boris Babochkin, anafika ng'ambo akiwa hai na kuwahutubia askari. Sijui kama kuna nchi nyingine iliyomfufua stelingi kwa sababu ya vita.

Ni kweli kwamba wanaanga wa Urusi hutazama filamu moja kabla ya kurushwa? Baba yangu alifanya kazi Ngomeni enzi za Waitaliano kurusha setilaiti, na hajapata kusikia desturi hiyo. — Msomaji, Malindi

Ni kweli. Filamu hiyo ni *Beloye solntse pustyni*, Jua Jeupe la Jangwani, ya Vladimir Motyl, iliyotoka 1970, na wanaanga hukaa kuitazama huko Baikonur, kituo cha kurushia roketi, usiku wa kuamkia safari. Askari Sukhov anarudi nyumbani kwa miguu kupitia jangwani, anakabidhiwa wake wa jambazi Abdullah awalinde, na safari yake inaharibika hapo. Mtazame sana mzee wa forodha Vereshchagin, aliyewekewa na mkewe bakuli zima la mayai ya samaki, kitu ambacho matajiri wa dunia hukila kwa ncha ya kijiko, naye anakitazama kwa uchungu wa mtu anayetamani mkate. Mvuvi wa Ngomeni aliyechoka kula kamba ataufahamu uso ule.

Mwanangu, sabalkheri. Sisi wasichana wa zamani tulipokwenda Mombasa tulikuwa tukitazama picha za Kihindi, Raj Kapoor na Nargis, tukilia mpaka leso zinarowa. Mjukuu wangu asema umeandika kwamba hata Warusi walimlilia Raj Kapoor. Ni kweli, au ni maneno ya magazeti? — Bibi wa Mkomani, Lamu

Sabalkheri, bibi yangu. Ni kweli, na ina sababu yake. Katika miaka ya mwisho ya Stalin ukaguzi ulikuwa mkali kiasi kwamba mwaka 1951 nchi nzima ile ilitoa filamu 9 tu. Kumbi zilikuwepo, watu walikuwepo, picha hazikuwepo; ikabidi waonyeshe filamu zilizotekwa Ujerumani wakati wa vita, na hivyo ndivyo wananchi wa dola la kijamaa walivyojaa ukumbini kumtazama Tarzan akiruka mitini. Stalin akafa 1953. Mwaka uliofuata ikaletwa *Awaara*, ikatiwa sauti za Kirusi na kupewa jina la *Brodyaga*, maana yake mzururaji, na waliokata tiketi walipita milioni 60. Hao walikuwa watu waliotoka vitani wakiwa wamepoteza baba, kaka na nyumba, na kwa miaka mingi wahusika wa sinema zao walikuwa hawalii isipokuwa kwa ajili ya taifa. Raj Kapoor aliwaletea mtu anayelia kwa sababu amependa na kwa sababu ni maskini, tena anaimba. Nadhani wewe na bibi mmoja wa Moscow mngekaa kibarazani siku nzima bila mkalimani.

Nargis mwenyewe alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1957 aliigiza katika *Pardesi*, filamu ya kwanza ya ubia wa India na Umoja wa Kisovieti, iliyoongozwa na Khwaja Ahmad Abbas na Vasili Pronin, inayosimulia safari ya Afanasy Nikitin, mfanyabiashara Mrusi wa karne ya 15 aliyefika Bara Hindi kwa kuvuka bahari kutoka Hormuz. Njia yake ni ile ile ya majahazi ya babu zetu, ila yeye alielekea mashariki.

Na iko moja ambayo nina hakika umeiona bila kujua kwamba nusu yake ni ya Kisovieti: *Alibaba Aur 40 Chor* ya mwaka 1980, Dharmendra akiwa Alibaba, pamoja na Hema Malini na Zeenat Aman. Umesh Mehra aliiongoza pamoja na Latif Faiziyev wa studio ya Uzbekfilm, na toleo la Kirusi lilijaza kumbi kote Umoja wa Kisovieti. Yule mkuu wa majambazi, mfupi, mwenye macho ya paka, ni Mrusi. Nitamrudia.

Nilijaribu kutazama *Stalker* mara tatu, na mara zote nililala. Rafiki zangu wa chuoni wanasema sina akili ya sanaa. Tatizo ni langu? — Mwanafunzi, Malindi

Rafiki zako nao walilala, ila wao walilala macho wazi. *Stalker* ya Andrei Tarkovsky, ya mwaka 1979, si mahali pa kuanzia, na anayempa mtu filamu ile kuwa ya kwanza anamkosea mtu na anaikosea filamu.

Hata hivyo nikuombe jambo moja. Mwanzoni mwa safari watu watatu wamepanda kitoroli cha reli kuingia eneo lililokatazwa. Kwa dakika karibu nne huoni kitu isipokuwa visogo na mashavu yao, mmoja baada ya mwingine, na nyuma yao mandhari yaliyofifia. Usitafute tukio. Sikiliza magurudumu: mlio wa chuma juu ya chuma, kwa kipimo kile kile, halafu polepole Eduard Artemyev anauingiza muziki wa mitambo ndani ya mlio huo hata hujui ni wakati gani reli imekuwa ngoma. Mara picha iliyokuwa ya rangi ya kahawia inakuwa na rangi zote, majani mabichi, kimya. Aliyepata kuvuka kutoka Mokowe kuja Amu kwa mashua ya mashine iliyochoka anaijua hali hiyo, ambapo mlio wa mashine unakutoa katika mambo ya bara kidogo kidogo, na inapozimwa gatini unahisi masikio yako ni mapya. Tarkovsky alihitaji dakika zile kwa sababu hiyo.

Tajiri aliivumilia filamu hii kwa gharama. Ilipigwa karibu na Tallinn, Estonia, na sehemu kubwa ya picha za mwanzo iliharibika ilipokuwa ikisafishwa maabara huko Moscow, ikabidi ianzwe upya kwa mpigapicha mwingine. Kampuni ya kibiashara ingeifunga kazi siku hiyo hiyo.

Anza na *Letyat zhuravli*, Korongo Wanaruka, ya Mikhail Kalatozov, iliyotoka 1957 na kuchukua tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka uliofuata. Boris anapigwa risasi kwenye kinamasi. Anajishika kwenye mti, anatazama juu, na vilele vya miti vinaanza kuzunguka; katika mzunguko huo anaona ngazi za nyumba ya mchumba wake, anazipanda mbio, na harusi ambayo haitakuwepo inapita mbele yake, bibi arusi na shela lake, baba, wageni wote. Mpigapicha Sergei Urusevsky aliipeleka kamera mahali ambapo wengine walikuwa hawajathubutu kuipeleka. Hutalala.

Je, filamu hizi zote ni za Warusi? Nauliza kwa sababu sisi Wabajuni tukiimba redioni watu husema ni taarabu ya Mombasa. — Msomaji, Faza

Swali zuri, na uchungu wake nimeusikia. Kila jamhuri ya umoja ule ilikuwa na studio yake, Kiev, Tbilisi, Tashkent, Yerevan na nyinginezo, na filamu iliyotengenezwa kwa lugha ya kwao ilitiwa sauti za Kirusi kabla ya kusambazwa kote, kwa hiyo dunia ikazipokea zote kwa jina la Warusi. Eisenstein alizaliwa Riga. Kalatozov alikuwa Mjojia wa Tbilisi. Sergei Parajanov, Mwarmenia aliyezaliwa Tbilisi na kufanya kazi Kiev, alipomaliza filamu yake ya watu wa milima ya Carpathia mwaka 1964 alikataa isitiwe Kirusi, akitaka lahaja ya wenyeji isikike kama ilivyo. Mwaka 1973 alitiwa gerezani kwa mashtaka mengine, na aliokuwa amewaudhi kwa muda mrefu hawakusikitika.

Waafrika walikuwa wapi katika habari hii yote? — Mwalimu wa shule, Malindi

Walikuwa darasani, mwenzangu. Ousmane Sembène wa Senegal, aliyekuwa kuli bandarini Marseille na mwandishi wa riwaya, alikwenda Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960 kujifunza katika studio ya Gorky chini ya Mark Donskoi, akarudi na kutengeneza *Borom Sarret* mwaka 1963. Souleymane Cissé wa Mali alisoma VGIK muongo ule ule, na Abderrahmane Sissako wa Mauritania akasoma hapo miaka ya 1980. Ukizitazama kazi zao hutaona trekta wala bendera. Utaona watu waliofunzwa kukata picha mahali panapouma.

Kwenye shuka lenyewe habari ni nyingine. Mwaka 1932 kundi la Wamarekani weusi, mshairi Langston Hughes akiwemo, lilialikwa Moscow kutengeneza filamu juu ya ubaguzi wa Marekani, na filamu haikutengenezwa. Mmoja wao, Lloyd Patterson, alibaki na kuoa huko, na mwanawe Jim ndiye yule mtoto mdogo katika *Tsirk* ya Grigori Aleksandrov, 1936, anayepitishwa mikononi mwa watazamaji wa sarakasi huku kila mmoja akimwimbia wimbo wa kumbembeleza kwa lugha ya kwao. Muigizaji Solomon Mikhoels aliimba ubeti wa Kiyidi. Mikhoels aliuawa kwa amri ya Stalin mwaka 1948, na ubeti wake ukakatwa katika filamu, ukarudishwa baadaye. Ukiionyesha darasani, waambie wanafunzi mambo yote mawili, wimbo na mkasi.

Nitazipata wapi? — Wengi, kutoka kila mahali

Studio ya Mosfilm imeweka filamu zake nyingi kwenye YouTube bila malipo, zikiwa na maandishi ya Kiingereza chini. Ya Kiswahili hayapo, na ndiyo maana darini kwetu yupo mtu wa kutafsiri kwa sauti, anayeongeza yake pale punda anapomkatiza. Jihadharini na wauza kanda. Miaka iliyopita niliuziwa mjini Mombasa *Vita na Amani* ya Sergei Bondarchuk, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1969, nikafika nyumbani nikakuta nina sehemu ya kwanza na ya tatu. Filamu ina sehemu nne na muda wa takriban saa saba. Niliporudi kulalamika, muuzaji aliniambia kwa upole kwamba hakuna mteja mwingine aliyefika hiyo ya tatu.

Yule mkuu wa majambazi katika *Alibaba* nimemwona tena kwenye filamu nyingine mliyoonyesha, akipiga kinanda cha nyuzi bandani wakati wa mvua. Ni yeye? — Msomaji wa kike, Langoni

Ni yeye, na umenifurahisha. Anaitwa Rolan Bykov, aliyezaliwa Kiev 1929 na kufariki 1998. Bandani uliyemwona ni mchekeshaji wa kijijini katika *Andrei Rublev* ya Tarkovsky: anaruka, anawakejeli mabwana, wakulima wanacheka, kisha askari wanamwita nje kwa sauti ya kawaida kabisa, wanambamiza kichwa kwenye mti na kukivunja kinanda chake. Filamu hiyo ilikamilika 1966 na wananchi wakaruhusiwa kuitazama mwaka 1971. Bykov aliongoza pia, na kuigiza ndani yake, *Aybolit-66*, kisa cha daktari anayekwenda Afrika kutibu kima wagonjwa, ambacho asili yake ni mashairi ya watoto ya Korney Chukovsky. Mashairi hayo yanaitaja hata Zanzibar, ingawa sidhani kama mshairi angeweza kuionyesha kwenye ramani bila kusaidiwa.

Lakini iliyo bora kwake, kwa hukumu yangu, ni *Komissar* ya Aleksandr Askoldov, ya mwaka 1967. Afisa mwanamke wa Jeshi Jekundu, anayeigizwa na Nonna Mordyukova, ana mimba, na anapangishwa katika nyumba ya fundi bati maskini wa Kiyahudi mwenye mke na watoto wengi. Fundi huyo ni Bykov. Tajiri aliikataa filamu moja kwa moja, ikatiwa kabatini miaka 20, Askoldov akafukuzwa studioni na hakuongoza tena filamu ya kuigiza maisha yake yote. Ilionyeshwa Moscow mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikapata tuzo Berlin.

Familia inajificha chini ya nyumba, mizinga inalia juu, watoto wanatetemeka. Fundi anasimama na kuanza kucheza. Anawachukua mmoja mmoja, mkewe naye anaingia, wote wanazunguka katika kiza kile kidogo, na afisa anawatazama. Kisha picha inageuka, na tunaiona familia hiyo hiyo ikitembea katika kundi kubwa, nyota za Kiyahudi zimeshonwa kwenye nguo, kuelekea kwenye kifo cha mikononi mwa Wanazi, ambacho wakati wa kisa kile bado kilikuwa mbele kwa miaka 20. Hakuna anayelieleza jambo hilo kwa neno. Tutaionyesha Alhamisi ijayo baada ya isha, darini pale pale. Anayekuja na mto wa kukalia aje na wa jirani yake pia, maana mikeka haitoshi.